Dar hadi Guangzhou ni saa ngapi? Namna ya kuzisoma saa za tiketi yako

Mteja akishakaa kwenye kiti cha ofisi yetu hapa Kariakoo, mara nyingi hata kabla ya bei anauliza: "China ni saa ngapi?" Nasi tunaokata tiketi tumezoea kujibu upesi, "Saa kumi na nusu hivi, ukipanda ya moja kwa moja," kisha tunaomba pasipoti. Jibu ni la kweli, ila halimtoshi mtu anayekwenda kufunga mzigo kwa mtaji wake wote. Wateja wetu waliowahi kupoteza hela kwenye njia hii hawakuponzwa na umbali. Waliponzwa na saa. Wengine walizisoma vibaya kwenye tiketi, wengine hawakuzihesabu zile za kusubiri kati ya ndege na ndege, na wengine walifika sokoni mwili ukiwa bado umelala Dar. Ndiyo maana leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu.

Kwanza umbali wenyewe. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni takriban kilomita 8,700 ukipima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Njia hiyo inaondoka Dar ikielekea kaskazini mashariki, inavuka Bahari ya Hindi, inapita kusini mwa India, inakata Ghuba ya Bengal, halafu inapita juu ya Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na Vietnam ndipo iingie China. Rubani hafungwi na mstari huo; anakwepa mvua za radi na anafuata njia za anga anazopangiwa, kwa hiyo safari halisi huongezeka kidogo. Wateja wanaotupigia kutoka Arusha na Moshi huuliza kama si bora waanzie Nairobi kwa kuwa "Nairobi ni karibu na China." Kwa umbali wa angani, Nairobi na Dar ziko karibu sawa kabisa, tofauti haifiki hata kilomita mia moja. Ukienda Nairobi, uende kwa sababu ya bei au ya siku ya ndege, usiende kwa kutafuta ufupi wa njia.

Ndege kubwa kama Boeing 787-8, ile ambayo wengi wetu tunaiita Dreamliner na ambayo Air Tanzania imeitumia kwenye njia hii, husafiri kwa kilomita 900 hivi kwa saa ikishatulia juu. Gawa 8,700 kwa 900, unapata saa tisa na dakika arobaini. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inatembea uwanjani ikisubiri zamu, inapanda, inashuka taratibu, inatafuta mahali pa kuegesha. Ukijumlisha hayo unafika saa kumi na nusu. Na muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama tena, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Kwa hiyo usishangae rubani akitangaza muda mfupi kuliko ulioandikwa.

Kurudi huwa kurefu zaidi, na hili wateja wengi hawalitegemei. Huko juu, kilomita kumi na zaidi kutoka chini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kusini mwa China upepo huo hupata nguvu zaidi kati ya Desemba na Februari. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni, na safari inafika saa kumi na moja au kuzidi kidogo. Wazee wetu wa majahazi walisubiri kaskazi na kusi ili wavuke bahari hiihii. Upepo wa ndege ni mwingine kabisa, uko juu mno, lakini bado ndio unaoamua utafika lini. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa China, na safari za namna hiyo zilikuwa za miezi mingi baharini. Mimi huwa nalikumbuka hilo kila mteja anapolalamika kuhusu saa moja ya ziada, na bado naona ana haki ya kuambiwa mapema kwamba ipo.

Saa za tiketi si saa za nyumbani

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa hiyo nitakaa.

Tiketi inaandika saa kwa tarakimu, kuanzia 00:00 hadi 23:59, na kila saa ni ya mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya Guangzhou. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. China nzima, pamoja na ukubwa wake, inatumia saa moja tu, kwa hiyo iwe Guangzhou, Shenzhen, Foshan, Yiwu au Beijing, hesabu ni ileile. Wao hawasogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya, nasi hatusogezi, hivyo tofauti hiyo ya saa tano haibadiliki mwaka mzima. Ishike kichwani.

Chukua mfano wa tiketi inayoonyesha kuondoka 16:00, kufika 07:30 yenye alama ya +1. Mtu akitoa moja kwa nyingine anapata saa kumi na tano na nusu, anashtuka. Sasa hesabu vizuri: 16:00 ya Dar, yaani saa kumi jioni, Guangzhou tayari ni saa tatu usiku. Kutoka saa tatu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi ni saa kumi na nusu. Ile +1 maana yake unafika siku inayofuata. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: unaondoka kule 10:00, saa nne asubuhi, unafika Dar 16:00 ya siku ileile. Inaonekana kama umetumia saa sita tu. Ukweli umekaa kwenye ndege saa kumi na moja. Zile tano ulizozipoteza wakati wa kwenda umerudishiwa.

Halafu kuna namna yetu ya kutaja saa. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, tiketi inahesabu tangu katikati ya usiku. Mteja anaona 07:30 anasema "saa saba na nusu", anamwambia mwenyeji wake wa Guangzhou aje kumpokea saa saba na nusu, na mwenyeji naye ni Mtanzania, anaelewa saa saba na nusu mchana. Mgeni anakaa uwanjani saa sita nzima akiwa na mabegi, simu haina laini ya kule. Kanuni tunayowafundisha ni fupi. Namba ikiwa kati ya 7 na 18, toa sita: 13:00 ni saa saba mchana. Ikiwa 19 na kuendelea, toa kumi na nane: 21:00 ni saa tatu usiku. Ikiwa 6 kushuka, ongeza sita: 03:00 ni saa tisa usiku. Ifanye mara tatu kwenye karatasi na hutaisahau.

Kosa baya kuliko yote linahusu tarehe. Mama mmoja, mfanyabiashara wa mapazia, tulimkatia tiketi ya Alhamisi tarehe 14, saa 01:15. Saa alizisoma sawasawa: saa saba na robo usiku. Akapanga kufanya kazi dukani Alhamisi nzima, akaaga watu jioni, akafika uwanjani Alhamisi saa nne usiku, amewahi kabisa kwa hesabu yake. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia. Kwenye tiketi, saa sita usiku ikigonga tu, tarehe imeshabadilika. 01:15 ya Alhamisi ni usiku ule ambao wewe bado unauita Jumatano. Alilipa faini na tofauti ya nauli, na alikosa miadi ya kiwanda. Nilikuwepo ofisini aliporudi na sitasahau alivyokaa kimya. Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu tulimpa karatasi bila kumsomea.

Tangu siku hiyo, tiketi yoyote inayoondoka kati ya 00:00 na 05:59 haitoki mezani petu bila maneno "usiku wa kuamkia" kuandikwa kwa kalamu juu yake. Usiku wa kuamkia Alhamisi. Uwe uwanjani Jumatano saa nne usiku. Wazee wa Pwani na Zanzibar, ambao kwao siku inaanza jua likizama na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, huwa hawakosei hapa hata kidogo. Ni sisi wa mjini tunaosema "Alhamisi usiku" ndio tunaoachwa na ndege. Na kumbuka kuangalia upande wa kurudi pia, maana ndege nyingi huondoka China usiku wa manane, na mtu anajikuta amelipia hoteli usiku mmoja pungufu au mmoja zaidi.

Ukiunganisha ndege

Ya moja kwa moja haipo kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo wengi wanaunganisha Addis Ababa, Dubai au Doha. Kwa kilomita, ukipita Addis unasafiri 9,800 hivi, ukipita Dubai ni karibu hizohizo, na ukipita Doha unafika 10,000. Kwa maneno mengine, njia ya mzunguko inaongeza kilomita 1,100 hadi 1,300 tu, ambazo angani hazifiki hata saa mbili. Tofauti ya Addis na Dubai iko kwenye mgawanyo: Dar hadi Addis ni karibu saa tatu, kisha unabaki na kipande kirefu cha saa kumi hivi; Dubai inakupa saa tano na nusu, kisha saba na kitu. Mtu mwenye matatizo ya miguu kuvimba, mimi humshauri Dubai au Doha, apate kutembea katikati ya safari. Mwenye kupenda kulala usingizi mmoja mrefu, Addis inamfaa.

(Waethiopia nao, kwa njia, wanahesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi. Ukimuuliza Mhabeshi saa ngapi, anaweza kukujibu kwa hesabu unayoijua. Lakini mabango ya uwanja wa Bole yanafuata saa za kimataifa, na saa yao ni sawa na ya Dar, hivyo usibadilishe kitu.)

Kinachoirefusha safari ni kusubiri. Tiketi ya bei ya chini kabisa unayoiona kwenye simu mara nyingi ina saa kumi na mbili, kumi na nne, hata ishirini za kukaa uwanjani. Saa mbili na nusu hadi nne za kuunganisha ni nzuri. Chini ya saa moja na nusu ni kamari, hasa kama ndege ya kwanza ina tabia ya kuchelewa. Zaidi ya saa nane, jumlisha chakula cha uwanjani ambacho bei yake unaijua, na kama unataka kutoka nje ukalale hotelini, uliza viza ya nchi hiyo kabla ya kulipa. Nimeona mtu akiokoa dola themanini kwenye tiketi kisha akazimaliza zote kwa kulala na kula njiani, na siku moja ya soko imepotea juu yake.

Lingine ambalo nalisema kwa msisitizo wote: hakikisha vipande vyote viko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya buking. Ukiwa na tiketi moja, begi linasajiliwa Dar hadi Guangzhou, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kuwa jumla yake ni nafuu, kila moja inajitegemea. Ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, hasara ni yako peke yako, na begi huenda ukalazimika kulichukua mwenyewe na kulisajili upya, jambo ambalo bila viza ya nchi ile halitawezekana. Kwa msafiri mwenye begi la mgongoni, hiyo ni hatari anayoweza kuibeba. Kwa mfanyabiashara mwenye miadi na kiwanda, sishauri kamwe.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Turudi kwenye ile ndege ya saa kumi jioni. Kwa safari za kimataifa unatakiwa uwe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa saba mchana, Jengo la Tatu. Kaunta mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka na hapo hakuna kubembeleza. Kutoka Kariakoo hadi uwanjani si mbali, ni kilomita kumi na kitu, lakini Barabara ya Nyerere tunaijua sote. Ondoka saa sita mchana. Unafika Baiyun saa moja na nusu asubuhi ya kule. Uhamiaji, alama za vidole, mabegi, kisha teksi au treni ya chini ya ardhi kuelekea Xiaobei au Sanyuanli, ambako wengi wenu mnafikia, kwa sababu uwanja uko nje kaskazini mwa jiji. Ukiweka ufunguo kwenye mlango wa chumba ni saa tatu na nusu, na kwa saa za Dar ni saa kumi na nusu alfajiri. Kwa hiyo safari ya saa kumi na nusu imekuwa ya saa kumi na sita na nusu, na hiyo ndiyo fupi kuliko zote. Ukiunganisha na kusubiri saa tatu, hesabu ishirini na mbili. Ukichukua ile ya kusubiri saa kumi na nne, umekula siku moja na zaidi ya theluthi.

Anayenunua Yiwu aelewe pia kwamba Guangzhou si mwisho wa safari yake. Yiwu iko karibu kilomita elfu moja zaidi kwa mstari ulionyooka. Ni ndege nyingine au treni ya kasi, na siku nyingine ya kuandika kwenye ratiba. Foshan, kwa wa vigae na samani, hiyo iko jirani na Guangzhou, haina shida.

Sasa mwili. Unafika hotelini saa tatu na nusu asubuhi, maduka yanafunguliwa, na mtaji uko mfukoni. Hamu ya kwenda sokoni ni kubwa. Lakini mwili wako unajua ni alfajiri na hujalala vizuri. Kuelekea mashariki ndiko kunakochosha zaidi, kwa sababu unalazimishwa kulala kabla usingizi haujafika na kuamka kabla haujaisha. Ushauri wangu, na huu nautoa kwa kuwapenda wateja wetu: siku ya kwanza usilipe. Tembea, piga picha, chukua kadi za maduka, uliza bei, lala mapema kwa saa za kule. Malipo na oda za kontena zianze siku ya pili. Makosa ya kuhesabu katoni na kuchanganya rangi tunayoyasikia kutoka kwa wateja, mengi yamefanyika mchana ule wa kwanza.

Na ile tofauti ya saa tano inaendelea kufanya kazi hata ukiwa kule. Benki ikifungua Dar saa mbili na nusu asubuhi, wewe Guangzhou ni saa saba na nusu mchana. Muuzaji akikupa mwisho wa kulipa saa kumi na mbili jioni, kwa ndugu yako wa Dar anayekutumia hela hiyo ni saa saba mchana. Ana saa nne na nusu tu za kufanya kazi hiyo. Mpange naye kabla hujaondoka, siyo ukiwa umesimama dukani.

Kuhusu majira nitasema machache. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na wiki hizo viti na vyumba hupanda bei, kwa hiyo kata mapema. Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia takriban kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao. Usiende kununua kipindi hicho hata ukipewa nauli nzuri namna gani.

Ukija ofisini tutakukalisha na kukuandikia karatasi moja ya mkono pamoja na tiketi. Ina mistari minne: siku na saa ya kutoka nyumbani kwa Kiswahili, siku na saa ya kufika kwa saa za kule na za hapa, muda wa kusubiri katikati kama upo, na siku ya kurudi na neno "kuamkia" pale linapohitajika. Nakala ya pili mpe atakayekupokea, au mpigie picha umtumie. Njoo na pasipoti ambayo bado ina zaidi ya miezi sita, na uwe umeshajua mtaa utakaofikia na siku ya kwanza uliyoahidiana na kiwanda. Tukishaijua siku hiyo, tunahesabu kurudi nyuma hadi mlangoni kwako, na hapo ndipo tunapoanza kutafuta bei.